Mitungi Iliyokamatwa Kathumbini

Mtungi wa mtu haurukwi. Hiyo ndiyo sheria ambayo mtoto wa Kathumbini huifahamu hata kabla hajajua kuandika jina lake. Mto wa huko, kama mito mingi upande wa Zombe, ni mto kwa majuma machache tu ya mvua. Miezi iliyobaki huwa barabara pana ya mchanga mweupe, na maji hujificha chini yake. Watu huchimba visima mchangani, hupiga magoti na kuchota kwa kata, polepole, kwa kuwa kisima hakijali haraka ya mtu. Kikikauka, hungojwa kijae. Na kwa vile hakuna mwenye nafasi ya kusimama mtoni kutwa akikitazama, mtungi husimama badala ya mwenyewe. Unauweka nyuma ya mtungi wa mwisho, unaenda kuwaangalia mbuzi wako. Foleni ikisogea, aliyepo husogeza mitungi yote, wako ukiwemo. Zamu yako ikifika, jina lililoandikwa ubavuni husomwa kwa sauti, nawe popote ulipo kwenye ukingo ule hujibu, "Ni wangu." Hata watu wasiosalimiana kanisani husogezeana mitungi mtoni.

Majina yale yaliandikwa na Katunge, mama yake Kiema. Mitungi ilikuwa ya manjano yote, ya lita ishirini, iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia, na bila jina ungeweza kwenda nyumbani na wa jirani. Katunge alikuwa amefundisha chekechea miaka mingi kabla ya shule ile kufungwa, na mkono wake ulikuwa mzuri. Alitumia rangi ya mafuta iliyobaki kwenye madirisha ya watu, na kijiti alichokitafuna ncha hadi ikawa na nyuzi kama brashi. Herufi zake zilikuwa nene na zilizosimama wima, isipokuwa K, ambayo alipenda kuivuta mguu ukapinda juu kama mkia wa mbuzi. Hakutoza kitu. Mtu alileta yai, mwingine alileta maneno matamu, na mwingine alileta mtungi tu akasema, "Mama Kiema, niandikie, nimechoka kugombana."

Mwaka wa 2021 mvua ilikosa, na iliyofuata ikakosa pia. Kafyu ya korona ilikuwa imekaa mwaka na nusu. Nairobi walizungumza juu yake kwenye redio kama kitu cha mabaa na magari, lakini huko Kathumbini ilikuwa kitu cha maji. Kisima cha mchangani hujaa usiku, jua linapokuwa halinyonyi. Kikijaa kikaachwa, hakiongezi tena, husimama palepale. Ndiyo maana tangu zamani za bibi zao wanawake waliteremka mtoni saa nane au saa tisa za usiku, wakachota, wakangoja, wakachota tena, mpaka alfajiri kila mmoja amepata. Kungoja saa kumi, muda ambao kafyu iliisha, kulikuwa kukubali kwamba usiku mzima umepotea. Na kulipokucha, makundi ya ng'ombe yalifika kutoka mbali, na ng'ombe hajui kusoma majina.

Mwanzoni polisi wa kituo cha Kathumbini walifumba macho. Waliwajua wanawake wale. Maji ya chai yao yalitoka mto uleule. Kisha akaja Sajenti Mulei, aliyehamishwa kutoka sehemu ambayo hakuitaja, na ambaye alipenda kusema kwamba amri ni amri. Alianza kupita na pikipiki njia ya mtoni. Mara ya kwanza aliwarudisha. Mara ya pili aliwachapa miguuni. Mara ya tatu alimkuta Kasiva, mjane ambaye watoto wa kijiji kizima walimwita Susu, yaani bibi, na ambaye hangeweza kukimbia hata kama angetaka. Rungu lilimpata mkono wa kuume, na mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko.

Asubuhi hiyohiyo bauza la maji, lile lori la tangi, liliingia kambini kwa polisi, likajaza matangi yao mawili, likaondoka. Na jioni, kama jioni zote, baa iliyo nyuma ya stesheni ya mafuta ilifunga mlango wa mbele saa mbili na kufungua wa nyuma. Kila mtu alijua ni pikipiki ya nani iliyoegeshwa pale.

Katunge hakuwa mtu wa kelele. Kwenye mikutano ya chifu alikaa nyuma, na akiulizwa neno aliliangalia kwanza pande zote kama mtu anayenunua nyanya. Lakini alipomwona Susu Kasiva akijaribu kukoroga uji kwa mkono wa kushoto, kitu ndani yake kilisimama kikakataa kuketi. Alimchukua Kasiva, akamchukua na jirani yake Nduku, ambaye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na ulimi usiojua kupumzika, wakaenda kwa Chifu Mbaluka.

Chifu aliwapokea akiwa ameketi, maski imeshuka chini ya kidevu.

"Mama Kiema," alisema, "hii maneno si yangu. Ni ya serikali. Kirusi hakijui kama wewe unaenda mtoni ama unaenda disko."

"Chifu, mtoni tuko wachache, na tuko nje, na upepo unavuma," Katunge alisema. "Tunaomba ruhusa tu. Tutakuambia nani anaenda lini."

"Nikiwapa ninyi, kesho wenye pombe watakuja kuomba."

"Wenye pombe hawaombi," Nduku alidakia. "Wanapita mlango wa nyuma. Si unawajua, chifu? Si mnasalimiana?"

Chifu alimgeukia Kasiva. "Susu, pole kwa mkono. Lakini nawe, mtu wa umri wako, usiku huo ulikuwa unatafuta nini?"

Kasiva aliutazama mkono wake uliofungwa plasta. "Maji," alisema. "Ulidhani bwana?"

Karani wa chifu alicheka akageuza cheko kuwa kikohozi, na siku hizo kukohoa hakukuwa jambo la kufanya ofisini. Hapo mkutano ukaisha. Hawakupewa ruhusa, wala pole ya Kasiva haikuandikwa mahali.

Mzaha ndio uliowapa wazo. Walipokuwa wakirudi walimkuta Ndululu, mzee mwenye punda wawili wa kubeba maji, ameketi kivulini akirekebisha tandiko. Walimweleza. Ndululu alitema mate pembeni.

"Kwani anakataza nani kutembea usiku? Watu. Basi pelekeni mitungi ikapige foleni kwa chifu, nyinyi mlale. Mtungi haupati korona."

Nduku alicheka hadi mtoto akaamka mgongoni. Katunge hakucheka. Alisimama njiani kwa muda, akiliangalia lile neno pande zote.

Siku tatu baadaye, jua likiwa bado juu ya vilima na kafyu ikiwa mbali, wanawake wa Kathumbini walipeleka mitungi yao mitupu kwenye lango la chifu. Hawakuja kwa kundi. Walikuja mmojammoja, kila mtu aliweka mtungi wake nyuma ya ule wa mwisho, akaacha nafasi ya hatua mbili kama redio ilivyofundisha, akaenda zake. Foleni ilianza langoni, ikapita mbele ya kituo cha polisi, ikashika barabara ya Zombe. Kuna aliyeona utani ungali na nafasi, akaufunga mtungi wake maski mdomoni, na waliomfuata wakaiga, mpaka ikawa foleni yote imevaa maski sawasawa, juu ya pua, si kidevuni. Mbele kabisa Katunge aliegemeza kipande cha ubao alichokiandika kwa rangi ya buluu: SISI TUKO NYUMBANI. TUNANGOJA MAJI.

Kisha wakaenda nyumbani kweli. Usiku ule hakuna mguu wa mwanamke uliokanyaga njia ya Kathumbini.

Ukilitazama jambo lile kwa macho ya mtu mwenye haki, utatafuta kosa lililofanyika mpaka uchoke. Hapakuwa na mkusanyiko, wala hapakuwa na mtu nje saa za kafyu. Jiwe halikurushwa, na gari lilikuwa na nafasi ya kupita. Palikuwa na plastiki iliyopangwa kando ya barabara, imevaa maski. Lakini aliyezoea kuogopwa akichekwa huona amepigwa.

Kulipokucha watu walisikia panga. Sajenti Mulei na wenzake walikuwa wakipita kwenye foleni wakiitoboa mitungi, na ile waliyochoka kuitoboa waliitupa nyuma ya Landrova. Watu wakajaa kutazama, wanaume kwa wanawake, begani kwa bega, na hakuna askari aliyewaambia waachane. Kijijini hakuna aliyewahi kuona mtungi wa mtu ukifanyiwa vile. Mzee Ndululu alivua kofia kama aliye msibani.

Sajenti aliinua mtungi mmoja akasoma ubavuni, kwa sauti ya mtu anayetaka kuchekesha.

"Nduku Nthiwa!"

Na Nduku, bila kufikiri, kwa mazoea ya maisha yake yote, akajibu kutoka kwenye umati, "Ni wangu."

Sajenti mwenyewe alishangaa. Alimkodolea macho, kisha akatabasamu, akainua mwingine. Akasoma. "Ni wangu," sauti ikajibu. Akainua mwingine. Wanawake walijibu mmoja baada ya mwingine, hata walipokwisha kuona kinachotendeka. Mtungi wako ukiitwa ukanyamaza, umeukana, na aliyeukana mtungi wake ataomba maji kwa nani? Walijibu wakatoka mbele, na kila aliyetoka alifungwa pingu na mwenzake. Katunge alipoitwa alijibu kama wengine.

"Mwandiko ni mmoja," sajenti alisema, akipapasa herufi kwa kidole. "Hii K imefanana kila mahali. Nani aliandika?"

Wote walijua, na wote walitazama chini.

"Mimi," Katunge alisema.

"Kwa hivyo wewe ndiye kiongozi."

"Mimi ndiye mwenye rangi."

Waliwaweka katika chumba kimoja cha kituo, ambacho ukubwa wake haukuzidi jiko la mtu wa kawaida. Dirisha lilikuwa la kupitisha mkono. Maski zao zilichukuliwa kwa sababu, walisema, kamba zake zinaweza kutumika kujinyonga. Walilala wakiwa wamepakatana, pumzi ya huyu kwenye shingo ya yule, wanawake walioshtakiwa kwa kuhatarisha afya ya umma. Maziwa ya Nduku yalimjaa yakamchuruzika, na mtoto alikuwa nyumbani akilishwa uji na shangazi. Usiku ule hakuna mtu kituoni pale aliyejali habari za virusi.

Asubuhi walipelekwa kortini mjini. Njiani askari mmoja, ambaye hakuwa mbaya sana, aliwaambia, "Akina mama, msijisumbue. Mkiulizwa semeni ni kweli. Hakimu atawapa kazi ndogo ya kufagia, mtaenda nyumbani leo leo. Mkikataa, kesi ya korona haina mwisho."

Mashtaka yalisomwa: kuvunja kanuni za afya wakati wa ugonjwa, kuandaa mkutano bila kibali, kuchochea. Nduku alikuwa wa kwanza. Aliitazama sehemu ya mbele ya blauzi yake iliyolowa, akasema, "Ni kweli." Wengine walifuata. Ni kweli. Ni kweli. Kila mmoja alipewa mwezi wa kufagia zahanati.

Zamu ya Katunge ikafika.

"Si kweli," alisema.

Karani wa korti alidhani hakuelewa, akarudia swali kwa Kikamba. Katunge akarudia jibu kwa Kikamba. Hakimu alimwangalia juu ya miwani, akaandika, na Muindi, mume wa Katunge, aliyekuwa ameketi nyuma, akafunika uso kwa viganja.

Kaka yake Katunge alimwekea dhamana, naye akarudi nyumbani. Hapo ndipo alipojua uzito wa yale maneno mawili. Mitungi iliyokuwa mizima ilikuwa imebaki kituoni kama ushahidi, na ushahidi haurudishwi mpaka kesi iishe. Kesi za wenzake zilikuwa zimeisha, lakini yake haijaisha, na mitungi ilikuwa ileile. Nyumba nyingi zilikuwa na mtungi mmoja au miwili tu, na mwaka ule hakuna aliyekuwa na cha kununulia mwingine. Watu walianza kuteka kwa sufuria, kwa ndoo za rangi, kwa vibuyu vilivyokuwa vimetundikwa jikoni tangu enzi za mababu. Maji ya safari moja yakawa ya safari tatu.

Hata mwezi haukupita, kafyu ikaondolewa. Rais alitangaza, watu wakashangilia kwenye redio, na usiku ule mabaa yote yalifungua mlango wa mbele. Wanawake wa Kathumbini waliteremka mtoni saa tisa na hakuna pikipiki iliyowafuata. Katunge aliamini kesi itakufa yenyewe. Amri imekufa, mtoto wa amri ataishi vipi?

Aliishi. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa. Ilitajwa tena, shahidi hakufika. Sajenti Mulei alikuwa amehamishwa, barua ya kumwita ilimfuata kituo kimoja ikakuta ameshapelekwa kingine. Faili likapotea, likapatikana. Hakimu akahamishwa, mpya alitaka kuanza upya. Mwaka uliofuata amri ya maski nayo ikaondolewa, mikutano ya siasa ikajaza viwanja, watu wakakumbatiana na kutemeana mate ya furaha, na Katunge akawa bado anaondoka alfajiri kwenda mjini kujibu shtaka la mitungi iliyosimama hatua mbilimbili.

Wakili wake alikuwa msichana kutoka mji wa Mwingi, Naila Abubakar, mwembamba, mwenye ushungi mweusi na sauti ya chini iliyowafanya watu wainame ili wamsikie. Alikuwa amekuja kortini kwa kesi nyingine, akaisikia hii, akakaa. Hakutaka malipo. Katunge alimpelekea pojo na asali, naye alipokea bila kujifanya.

Siku moja Naila alimwita kando, kwenye benchi la nje.

"Mama Kiema, upande wa mashtaka wamechoka. Wanasema ukikubali kosa leo, wataomba uachiliwe bila adhabu yoyote. Hata kufagia hutafagia. Na mitungi itatoka kesho."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi kazi yangu ni kukuambia. Nikisema moyo wangu nitakuwa nimekuamulia."

Katunge alirudi na neno lile, na safari hii, vyovyote alivyoligeuza, kila upande ulimchoma. Muindi alikuwa na lake. "Kubali tu, mama," alimwambia, kwa upole wa mtu aliyechoka kuogopa. "Ni neno. Sema neno, watu wapate mitungi. Mungu anajua hukukosa."

Kesho yake alienda mtoni mchana. Ukame ulikuwa umefika mahali visima vilichimbwa mpaka mtu akiteremka haonekani. Nduku alikuwa kisimani, akitoa maji kwa sufuria na kuyamimina ndani ya ndoo iliyopasuka ukingo.

"Nimesikia wanakuachilia," Nduku alisema bila kuinua uso.

"Nikikubali."

"Na hutakubali."

"Sijasema."

"Nakujua." Nduku alisimama, maji yakimtiririka kwenye viwiko. "Wewe unapigania jina lako, sisi tunachota kwa sufuria. Mimi nilisema ni kweli kwa sababu ya mtoto. Sikupata muda wa kuwa na kiburi. Wewe watoto wako wakubwa, una wakili, una muda. Keti nacho hicho kiburi, lakini ujue kinakunywa maji yetu."

Lilikuwa neno la kweli, na lilimkata Katunge kuliko lolote alilosikia kortini. Alipanda ukingo akisema moyoni kwamba yamekwisha, tarehe ijayo atakubali. Neno ni pumzi tu. Atasema, mitungi itarudi, na atafute njia ya kuishi nalo.

Susu Kasiva alikuwa juu ya ukingo, amekaa kwenye gogo akingojea Ndululu amletee maji yake kwa punda. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, haukunyooka tena. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu mto mkavu husafirisha sauti.

"Utakubali," alisema.

"Ndiyo, Susu. Watu wanateseka."

"Wanateseka. Nami nateseka." Kikongwe alitafuna kidogo, ingawa hapakuwa na kitu mdomoni. "Nikuulize, mwanangu. Ukisema mlikosea kuweka mitungi pale, mkono wangu ulivunjwa kwa nini?"

"Susu, hiyo ni kesi nyingine."

"Hakuna nyingine. Mimi sikuitwa kortini. Hakuna aliyeniuliza. Mkono wangu unazungumziwa kwenye hiyo yako tu. Ukisema ni kweli, umesema alinipiga kwa haki. Mimi siwezi kukukataza. Nakuambia tu nitakavyosikia."

Tarehe ilipofika, kiongozi wa mashtaka alisimama na kusema mshtakiwa ana neno la kuiambia korti. Katunge akasimama.

"Neno langu ni lile la kwanza," alisema. "Si kweli. Naomba nihukumiwe."

Kiongozi wa mashtaka alikasirika, na hasira ikamfanya amtafute Sajenti Mulei kwa bidii ambayo hakuwa nayo miaka yote ile. Mulei alipatikana, akaletwa. Alikuwa amenenepa. Alieleza jinsi alivyokuta mkusanyiko hatari mbele ya ofisi ya serikali. Naila alisimama, na watu wakainama.

"Sajenti, mkusanyiko huo ulikuwa wa watu wangapi?"

"Ilikuwa mitungi."

"Watu?"

"Watu hawakuwepo."

"Mitungi ilikuwa imevaa maski?"

Sajenti alimtazama hakimu. "Ilikuwa nayo."

"Wewe ulikuwa umevaa?"

Nyuma watu walicheka, hakimu akagonga meza. Sajenti alisema hakumbuki.

"Mshtakiwa ulimkuta hapo usiku huo?"

"Nilikuta jina lake."

Naila akaketi. Hakimu alisoma uamuzi wake siku nyingine, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za saruji. Hapakuwa na ushahidi wa mkutano, hapakuwa na ushahidi wa uchochezi, mshtakiwa hana kesi ya kujibu, aachiliwe, vielelezo, yaani mitungi, virudishwe kwa wenyewe. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Kisha akaita kesi ya mwizi wa kuku. Hakuna aliyemwambia Katunge pole. Alikuwa amejitayarisha kwa jela na kwa furaha pia, lakini hakujua afanye nini na jambo lile kuwa dogo hivyo.

Alienda kituoni na agizo la korti, Ndululu na punda wake nyuma, na wanawake wengi. Mitungi ilikuwa imerundikwa nyuma ya jengo, juani, kwa miaka yote ile. Rangi ya manjano ilikuwa imepauka ikawa kama mfupa. Katunge aliuinua wa kwanza, na mkononi kikabaki kipini cha kushikia tu. Aliushika wa pili, ukavunjika vipande kama ganda la yai. Walijaribu mmoja baada ya mwingine. Jua lilikuwa limeila plastiki mpaka ikawa haiwezi hata kujibeba.

Mkuu wa kituo, mgeni asiyekuwepo wakati ule, alikuja akasimama kando, mikono mfukoni.

"Poleni, akina mama. Lakini mambo ya korona si yalishaisha? Tusahau, tuendelee na maisha."

"Yaliisha kwako, afande," Katunge alisema. Sauti yake haikupanda. "Kwetu yalikuwa yamewekwa hapa nyuma ya ofisi yako."

Walirudi mikono mitupu. Njiani Nduku alitembea peke yake mbele, haraka, na alipofika njia panda akageuka akawangoja. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Nilikuwa nimeomba ile kazi ya mhudumu wa afya wa kijiji," alimwambia Katunge. "Kupima watoto, kugawa dawa za malaria. Walitaka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Kimerudi juma lililopita. Kimesema nilipatikana na hatia ya kuhatarisha afya ya umma."

Ndululu alimshika punda kamba.

"Wewe umeambiwa hukukosa," Nduku aliendelea. "Mimi nilikosa. Mtungi wangu ulikuwa nyuma ya wako, hatua mbili. Hebu niambie kosa lilianzia wapi kwenye hizo hatua mbili."

Katunge alikuwa ameshamuuliza Naila. Aliuliza siku ileile ya uamuzi, kwenye ngazi za korti, kabla hata hajampigia Muindi simu. Akamwambia Nduku alivyojibiwa: kwamba kuna njia, ni rufaa iliyochelewa, na mahakama kuu inaweza kukataa hata kuisikiliza. Kwamba kila mmoja aende mwenyewe, aape, aeleze kwa nini alisema ni kweli. Kwamba wataulizwa juu ya kile chumba na yale maneno ya kwenye gari, na polisi watakana. Kwamba inaweza kuchukua miaka.

"Miaka," Nduku alisema.

"Ndiyo."

"Na wakitukataa?"

"Mtabaki mlivyo."

Mmoja wa wanawake alisema yeye hawezi, ameshafagia, yamepita. Mwingine alisema bwanake hatamruhusu. Nduku aliwasikiliza wote. Aliutazama mkono wake, uliokuwa umeshika kipini cha manjano ambacho hakujua kwamba alikuwa amekibeba, akakitupa kichakani.

"Huyo wakili yuko ofisini Jumatatu?" aliuliza.

"Yuko."

"Basi twende Jumatatu. Lakini wewe, Mama Kiema, ukae nje kwenye benchi. Umeongea vya kutosha kwa niaba yangu. Hii nitaisema mimi mwenyewe."